Vidoa Kwenye Picha ya Nzi? Usiuze Lenzi!

Haya washikaji wa kamera, leo zamu ya wale mnaopenda kupiga wadudu kwa karibu. Umempiga nzi picha 40, kila moja imelenga sehemu yake, kompyuta ikaziunganisha zikawa moja. Lahaula! Mgongoni vidoa vinang'aa kama disko, nawe tayari unatafuta mteja wa lenzi. Tulia kwanza!

Vichunguze vidoa vyenyewe. Kama ni vidogo, vyekundu, vya bluu au vyeupe, tena vimepanga foleni kama siafu, hizo ni pikseli korofi za kamera. Pikseli hiyo haihami, ila programu inaposogeza na kupanua picha ili zilingane, kidoa nacho kinasogea. Ukibisha, funika lenzi upige kwa muda ule ule. Giza likitoa nukta, mchawi umemkamata. Ongeza taa, ufupishe muda wa kupiga. Ukitumia Zerene Stacker, njia ya PMax huzoa hata takataka hizo. Jaribu DMap, ni pole zaidi.

Je, ni mng'ao mpana kwenye jicho au gamba linalometa? Hapo mkorofi ni flashi. Mng'ao ukiwa nje ya fokasi hutanuka, na programu hudhani ukingo wake ni sehemu ya mdudu. Weka karatasi nyeupe mbele ya flashi na upunguze mwanga, halafu rudia.

Lenzi haina kosa, mwanangu. Tukutane wiki ijayo!