AFYA YA JAMAA: Mzee Aangukapo Kifudifudi

Mtu akisikia kwamba mifupa ya uso wa fulani imevunjika, mara hufikiri habari ya ugomvi au ya pikipiki. Kwa vijana ni kweli. Lakini huko Ulaya, ambako madaktari wamelichunguza sana jambo hili, sababu ya kwanza kwa wazee ni kuanguka tu, tena nyumbani mwao wenyewe. Kwetu Butembo pikipiki zimezidi, na mzee mwenye masikio mazito hazisikii. Hata hivyo tusiisahau njia ya chooni.

Tunaishi juu ya vilima. Usiku mvua imenyesha, udongo wateleza, taa hakuna, na macho ya bibi yana mtoto wa jicho. Kijana ajikwaapo hutanguliza mikono. Mikono ya mzee huchelewa, na uso ndio ufikao kwanza.

Nayo mifupa haivunjiki ovyo. Aangukiaye upande hupasuka mfupa wa shavu pamoja na ukingo wa jicho. Aangukiaye mbele, pua. Kidevu kina hila: jeraha laonekana chini, kumbe taya limevunjika juu, karibu na sikio, kwa maana nguvu ya pigo imepanda. Na asiye na meno je? Meno yakisha kutoka, mfupa wa taya hunywea mwaka kwa mwaka, pengine ukawa mwembamba kama kalamu, basi pigo dogo latosha kuuvunja. Wanawake waliokoma hedhi huwa hatarini zaidi, kwa kuwa mifupa yao yote imepungua nguvu.

Jamaa wengi huchemsha maji na kukanda. La hasha! Uvimbe huficha mfupa uliovunjika. Mwulizeni mzee: Je, waona vitu viwili viwili? Shavu limekufa ganzi? Meno yakutana kama zamani? Kinywa chafunguka? Jibu baya moja latosha kumpeleka hospitali apigwe picha ya mifupa siku ile ile, kwa sababu majuma mawili matatu yakipita, mfupa huanza kuunga vibaya.

Tena mwangalieni kichwa. Damu yaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, hasa kwa atumiaye dawa za kuifanya damu kuwa nyepesi. Baada ya majuma kadhaa mzee husinzia mchana, huchanganya majina ya wajukuu, nao watu husema, “Ni uzee.” Sivyo daima, damu hiyo hutolewa kwa upasuaji, naye akapona.

Kuna neno jingine, nalo ni zito. “Ameanguka” pengine ni neno la kufunika. Katika Kongo ya mashariki, kama katika Tanzania, wazee wamepigwa kwa kusingiziwa uchawi, na wanawake ndio wengi. Uso ukivimba pande zote mbili, na mikono ina alama kama ya mtu aliyejikinga, yafaa muuguzi amwulize bibi peke yake, mwana na mkwe wakingoja nje.

Mwulizeni daktari pia kwa nini alianguka: macho, moyo, au kizunguzungu cha dawa za shinikizo la damu. Na usiku wa leo wekeni ndoo yenye kifuniko kando ya kitanda chake, na tochi karibu na mkono.