Butura ya muziki: nani anavuna kanda za zamani?

Mkulima wa kahawa wa Karagwe au Kyerwa hahitaji kuelezwa maana ya butura. Ni kuuza kahawa ingali maua mtini, kwa sababu ada ya shule imefika au mgonjwa amelazwa. Mnunuzi hutoa fedha kidogo, huiachia mvua na jua vifanye kazi, kisha huja kuvuna jasho la mwenzake. Serikali imeikataza butura mara nyingi, lakini bado ipo, kwa kuwa shida haijui katazo.

Safu hii leo inaliazima neno hilo na kulipeleka katika soko jingine, ambalo wafanyabiashara wengi wa Kayanga, Omurushaka na Nkwenda hawajalitazama kwa jicho la mtaji. Ni soko la kutoa upya albamu za zamani za muziki kwa ubora wa juu. Soko hili ni la kweli na lina fedha. Maoni yangu ni kwamba funzo lake kwa mwenye mtaji mdogo ni moja: faida haiko kwenye santuri, iko kwenye kanda mama na kwenye karatasi ya haki.

Tarakimu za soko

Wengi walidhani santuri zilikufa pamoja na gramafoni za wazee. Sivyo. Kwa mujibu wa chama cha makampuni ya kurekodi muziki cha Marekani, RIAA, mwaka 2022 ziliuzwa nchini humo santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu 1987 santuri kuzipita CD kwa idadi. Mwaka 2023 mauzo ya santuri huko yalifikia dola bilioni 1.4.

Sababu yake si ngumu. Wimbo wenyewe siku hizi unapatikana kwenye simu kwa bei ya kutupa. Anayebaki tayari kulipa dola 25 hadi 40 kwa albamu moja anatafuta kitu kingine: sauti safi, jalada la kushika mkononi, kijitabu chenye historia, na uhakika kwamba kazi imetoka kwenye chanzo chake. Hapo ndipo tofauti inapoonekana, kama ilivyo kati ya kahawa iliyokusanywa ovyo na kahawa iliyochaguliwa punje kwa punje. Mti ni ule ule, lakini bei hazifanani.

Kijana wa Zanzibar

Mfano mzuri kuliko yote una mizizi nchini mwetu. Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, naye akajulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Albamu za mwanzo za kundi hilo, zenye nyimbo zinazobadilika mwendo mara kwa mara na sauti zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, huhesabiwa na wapenzi wengi kuwa na damu ya roki ya progresivu, mkondo uliovuma Uingereza miaka ya 1970.

Albamu ya kwanza ilitoka Julai 1973. Vijana hao waliirekodi katika studio za Trident, London, kwa kutumia saa ambazo wateja wa kulipa hawakuwepo. Mkataba wao uliwaweka chini ya kampuni hiyo kwa mishahara, ambayo mwanzoni ilikuwa pauni 20 kwa wiki. Mwaka 1974 wimbo wao "Killer Queen" ulipanda hadi nafasi ya pili Uingereza, lakini mifuko ya waimbaji haikupanda nao. Mkulima wa kwetu angeitambua hali hiyo mara moja: kahawa imeiva, lakini si ya mwenye shamba tena.

Mwaka 1975 walijinasua. Bei ya kujinasua ilikuwa pauni 100,000, pamoja na asilimia moja ya mapato ya albamu sita zilizofuata. Kwa kundi lililokuwa na madeni, hiyo ilikuwa fedha ya kutisha. Lakini tazama walichonunua. Hawakununua ala, gari wala nyumba, bali walinunua mavuno yao ya miaka ijayo.

Hesabu ya mwisho inajieleza. Mwaka 1990 haki za santuri zao kwa Marekani Kaskazini zilikwenda kwa Hollywood Records, kampuni ya Disney, kwa takriban dola milioni 10. Mercury alifariki Novemba 1991. Mwaka uliofuata filamu moja ya vichekesho ya Marekani iliutumia wimbo "Bohemian Rhapsody" wa mwaka 1975, nao ukapanda tena hadi nafasi ya pili nchini humo. Mwaka 2024 ikaripotiwa kwamba Sony imenunua haki zilizobaki za kundi hilo kwa takriban pauni bilioni moja. Zile za santuri Marekani Kaskazini hazikuwamo, zilibaki kwa Disney. Mwaka huo huo Sony iliripotiwa kulipa kiasi cha dola milioni 400 kwa haki za santuri za Pink Floyd, kundi jingine kubwa la mkondo huo.

Mwenye kampuni haulizi tu wimbo umeuza kiasi gani mwaka jana. Anauliza: je, miaka 20 ijayo naweza kuutoa upya?

Ubora unavyotengenezwa

Kutoa upya kwa ubora si kurudufu kanda. Oktoba 2024 albamu ile ya kwanza ya Queen ilitoka tena, safari hii kwa jina la "Queen I". Mafundi walirudi kwenye kanda za asili zenye njia nyingi, ambamo ngoma, gitaa na sauti ya mwimbaji kila kimoja kimehifadhiwa peke yake. Kundi halikuwahi kuridhika na mlio wa ngoma wa mwaka 1973. Kwa kuwa kanda zilikuwapo, walichanganya sauti upya, wakarudisha wimbo mmoja ulioachwa awali, na kutoa sanduku la CD sita na santuri moja lenye nyimbo 63, ambapo michanganyo 43 ilikuwa mipya.

Msomaji azingatie neno "kwa kuwa kanda zilikuwapo". Kama zingepotea, kampuni ingebaki na santuri iliyochakaa ya kunakilia, na mnunuzi mwenye sikio angekataa kutoa fedha zake. Kanda mama ikipata unyevu, hata kuichezesha mara moja bila maandalizi kunaweza kuikwangua. Nyingine hulazimika kupashwa joto dogo kwa saa nyingi ili gundi yake ishike kabla ya kunakiliwa. Hapa gharama ya uzembe ni kubwa kuliko gharama ya kabati kavu.

Na sisi je?

Najua atatokea msomaji wa Murongo au Bugene atakayesema: Queen ni Queen, enanga ya Wanyambo ataisikiliza nani London? Swali ni la haki, na jibu lake haliko mbali sana.

Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na makundi ya roki yaliyojaa magitaa ya mlio mkali, na kundi la WITCH lilitoa albamu yake ya kwanza, "Introduction", mwaka 1972. Bei ya shaba ilipoanguka, uchumi uliyumba na soko la muziki likafa nao. Mwimbaji Emanyeo Chanda, maarufu kwa jina la Jagari, aliishia kutafuta riziki katika uchimbaji wa vito. Miaka zaidi ya thelathini baadaye kampuni ya Now-Again ya Marekani ilitoa upya kazi zao kwa ubora. Jagari akapanda tena majukwaa ya Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 kundi likatoa albamu mpya, "Zango". Wengi wa wenzake wa awali walikuwa wameshafariki. Hilo nalo ni funzo: soko lilikuja, lakini lilichelewa.

Kwa upande wa Waswahili, kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilianza mfululizo wake uitwao "Zanzibara" mwaka 2005 kwa taarab ya Ikhwani Safaa, na baadaye ikaingiza dansi la Tanzania la miaka ya 1960. Sterns ya London ilitoa upya nyimbo za Western Jazz Band mwaka 2012. Nyimbo za kwetu basi zina mnunuzi. Ila hesabu ya nani anazitoa ni hiyo hiyo: Paris na London. Hapo zamani bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikabaki redioni, na santuri zikachapwa Nairobi. Wanamuziki wengi waliondoka na posho na sifa.

Na mkoa wetu wa Kagera una ushahidi wake. "Maria Salome" ya Saida Karoli ilivuma nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000, hata kwa wasiojua Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliujenga wimbo "Salome" juu ya kazi hiyo hiyo. Wimbo ulioweza kuamka baada ya miaka kumi na mitano ni mali ya kudumu kama mbuni, ambao hauvunwi mara moja ukang'olewa.

Hesabu kabla ya shauku

Hata hivyo, safu hii haitaki kumpeleka mtu yeyote kichwa kichwa. Tuchukue tarakimu za mfano. Tuseme kikundi cha wawekezaji wa Kyerwa kimepata kanda nzuri ya mpiga enanga na kibali halali cha warithi wake. Kinachapa santuri 500 kwa dola 8 kila moja: dola 4,000. Kusafisha sauti na kuiandaa kwa uchapaji: dola 1,500. Usafirishaji na wakala: dola 1,500. Jumla ni dola 7,000. Wakiuza zote kwa jumla kwa dola 18, watapata dola 9,000, na faida itakuwa dola 2,000 ya kugawana na warithi.

Lakini wakiuza 250 tu, watakusanya dola 4,500, hasara dola 2,500. Ili mtaji urudi ni lazima ziuzwe takriban 389. Biashara hii haimtajirishi mtu kwa msimu mmoja. Asiyeweza kusubiri miaka mitatu aendelee na maharage.

Aidha, asidanganywe mtu kununua santuri zilizotolewa upya akidhani zitapanda bei kama kiwanja cha Kayanga. Mwenye haki anaweza kuchapa nyingine elfu kumi kesho asubuhi. Kinachopanda bei ni toleo la kwanza lililo adimu na safi. Mwenye kulipata hilo mara nyingi ni mtu aliyelitunza, si aliyelikimbilia.

Ushauri wa wiki

Fedha iko mwanzoni mwa mnyororo, na hapo ndipo wafanyabiashara wetu wanaweza kuingia kwa mtaji mdogo.

Kwanza, kwaya, wapiga enanga na bendi za harusi zinazorekodi leo zidai nakala kamili ya kanda mama kutoka studio, yenye sauti zote zilizotenganishwa, na kuihifadhi mahali pawili. Mwenye duka anayefadhili kwaya aliweke sharti hilo katika mkataba badala ya kudai jina lake litajwe kwenye wimbo.

Pili, fedha ya mkupuo isiwe mwisho wa mkataba. Mwimbaji apokee malipo ya kuanzia, lakini abaki na asilimia, na karatasi iseme haki inarudi kwake baada ya muda gani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, inasajili kazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, vyama vya ushirika vijifunze kwa kahawa vyenyewe. KDCU hukusanya kahawa ya wakulima wengi ili iende mnadani kwa sauti moja. Warithi kumi wenye kanda kumi za zamani za Kinyambo, wakiwa kila mmoja peke yake, watauza kwa bei ya mnunuzi. Wakiwa na orodha moja, majina ya wapigaji, tarehe na mkataba mmoja, watazungumza na kampuni ya nje wakiwa wameketi kwenye kiti.

Siku moja mnunuzi atafika Rubwera au Kayanga, mwenye heshima na fedha taslimu, akiulizia kanda za marehemu babu. Huenda akawa mtu mwema, huenda akatoa kazi nzuri sana. Muuzwe mavuno kwa mkataba, wala asiuziwe mti. Na kama ada ya shule inabana wiki hiyo, heri kukopa kwenye SACCOS kwa riba kuliko kutia saini butura nyingine.