Rada Tulinunua, Fundi Je?



Kila baada ya mwaka au miwili hadithi ya rada hufufuliwa. Mmoja anaitaja BAE, mwingine anakumbushia "vijisenti", wa tatu anamwaga matusi, na baada ya siku mbili tumesharudi kwenye Simba na Yanga. Mimi leo nauliza swali ambalo katika kelele zote hizo sijaona likipewa uzito wake. Rada ikiharibika, nani anaitengeneza? Anaipima kwa kifaa gani, na alijifunzia wapi?

Najua nitaambiwa muuguzi akashike sindano zake, mambo ya ndege awaachie wanaume. Haya, nimesikia. Tuendelee.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuwapo, kwa kifupi tu: Desemba 2001 serikali ya Tony Blair iliruhusu BAE Systems ituuzie rada kwa pauni milioni 28, wakati Clare Short, waziri wake mwenyewe wa maendeleo ya kimataifa, anapinga waziwazi. Mwaka 2010 BAE ikakiri mahakamani London kosa la kutotunza ipasavyo hesabu za mkataba ule, ikatozwa faini ya pauni 500,000, na ikakubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5. Fedha zikaja mwaka 2012 na kupangiwa vitabu na madawati. Tukashangilia madawati! Kosa lililokiriwa ni la vitabu vya hesabu, sisi tukapewa vitabu vya shule, mchezo ukaisha.

Mimi wakati rada inanunuliwa nilikuwa shule ya msingi, nakaa sakafuni, kwa hiyo dawati silidharau. Ninachosema ni kwamba tulifundishwa kuuliza "nani kala?" na tukaishia hapo. Bei hulipwa na kusahaulika, lakini kifaa utakaa nacho miaka ishirini.

Sasa nisikilizeni kidogo, maana jambo hili linanihusu kuliko mnavyodhani. Rada hufanya kazi kwa mapigo. Inarusha pigo fupi la mawimbi ya redio, inanyamaza, inasikiliza mwangwi. Wenzangu mliowahi kusimama wodi ya wazazi mnaijua habari hii, altrasaundi hufanya hivyo hivyo, ila yenyewe hutumia sauti. Hesabu ya muda ikikosewa kwa maikrosekunde moja tu, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, ndege itaonekana mita 150 kando ya ilipo.

Halafu kuna transponda, kile kiboksi kilichomo ndani ya ndege. Kituo cha ardhini kinauliza kwa megahezi 1030, kiboksi kinajibu kwa megahezi 1090. Mapigo ya swali yakiachana maikrosekunde 8, maana yake ni "wewe nani?" Yakiachana 21, maana yake ni "uko juu kiasi gani?" Ndege nzima na roho zote zilizomo zinategemea kiboksi kuhesabu nafasi hiyo sawasawa.

Shemeji yangu hufanya kazi hiyo hapa Uingereza, kwenye karakana ya ndege. Alisomea elektroniki Dar es Salaam, akatafuta kazi nyumbani miaka miwili, akaambulia kuuza simu. Siku hizi anachomeka kifaa cha kupimia, anaangalia nguvu ya pigo, masafa yake, umbali wa pigo na pigo, na kama kiboksi bado kinasikia swali lililo hafifu. Kikishindwa, kinatolewa na kupelekwa mezani kwenye osiloskopu. Rada ya hali ya hewa, ile ya puani mwa ndege, ina adabu yake, hasa zile za zamani zenye magnetroni. Kabla hajagusa kitu anahakikisha umeme uliobaki kwenye kapasita umetolewa, maana mtambo uliozimwa bado unaweza kuua. Na huwezi kuuwasha ovyo ndani ya karakana huku watu wakipita mbele yake.

Lakini alichonifungua macho ni hiki. Anasema mara nyingi boksi linalolaumiwa halina ubaya wowote. Ubaya uko kwenye plagi iliyolegea, au waya wa antena ulioingia unyevu. Asiye na kifaa cha kupimia hawezi kujua, kwa hiyo anang'oa boksi zima na kulisafirisha kiwandani. Huko linapimwa, linakutwa zima, linarudishwa na ankara. Umelipia nauli ya kwenda na kurudi, umelipia kupimwa, na waya mbovu bado uko kwenye ndege yako. Jamani, huu nao si wizi? Tofauti ni kwamba hauna wakala wala akaunti ya siri, na hakuna mbunge atakayesimama kuupigia kelele. Huu unaitwa "gharama za uendeshaji".

Hospitali ninayofanya kazi hapa, kila pampu ya dripu ina kibandiko cha tarehe ya kupimwa tena. Tarehe ikipita, muuguzi wa kawaida kabisa kama mimi nina ruhusa ya kuikataa, na daktari bingwa hawezi kunilazimisha. Nyumbani nilifanya mafunzo ya vitendo katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Mashine ya eksirei ilikuwa imefunikwa shuka safi kabisa, imekaa hivyo miezi kumi na nne ikingoja kipuri na mtu wa kukifunga. Wageni wakija inafunuliwa, wakiondoka inafunikwa. Wagonjwa wenye mifupa iliyovunjika wakawa wanapelekwa kwa basi hadi mkoa wa jirani. Kwenye hesabu za serikali hospitali ile "ina eksirei".

Msidhani huu ni ugonjwa wa Waafrika peke yetu. Tarehe 8 Oktoba 2001, pale Linate, Milan, ndege mbili ziligongana kwenye ukungu zikiwa ardhini, wakafa watu 118. Rada ya kuangalia ndege uwanjani ilikuwa imeondolewa kazini mwaka 1999, na mpya ilikuwa imeshanunuliwa ila haijaanza kufanya kazi. Imenunuliwa! Lakini Waitaliano hawakugawiwa madawati, walipelekana mahakamani, na wakubwa wakahukumiwa. Na Septemba 2006 nchini Brazil, transponda ya ndege ndogo ya kifahari ilikuwa imezimika bila marubani wake kujua. Transponda ikinyamaza, hata mfumo wa ndege kukwepana angani unakuwa kipofu. Ikagongana na Boeing ya shirika la Gol, wakafa wote 154 waliokuwa kwenye Boeing. Kifaa hakikuwa kibovu, kilikuwa kimya tu, na kimya kile hakuna aliyekiona kwa macho.

Turudi kwetu. Mwaka 2017 serikali ilisaini mkataba na Thales wa rada nne za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa shilingi bilioni 67.3. Kwa bei, hata mimi nilipiga makofi. Tukapiga picha, tukakata utepe. Kisha Desemba 2024 Tume ya Ulaya ikaiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yaliyozuiwa anga la Ulaya, na Juni 2025 ikayaweka mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Kati ya sababu zilizotajwa ni upungufu wa wataalamu wenye sifa na usimamizi dhaifu wa usalama. Si uhaba wa ndege wala wa rada, ni watu!

Wapo waliosema huo ni wivu wa wazungu. Sawa, tuseme ni wivu. Mbona Ethiopian hawaonewi wivu? Wana karakana Addis Ababa inayotengeneza hata ndege za mashirika mengine, wana chuo chao, na vibali vya Marekani na Ulaya wanavyo. Walianza kurusha ndege mwaka 1946 wakisaidiwa na Wamarekani, na kidogo kidogo wakawafundisha watoto wao mpaka kazi ikawa yao. Sisi tuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, kinafundisha matengenezo ya ndege, na fedha za Benki ya Dunia kimepata. Ni jambo jema, silipingi. Ila kijana akimaliza pale anaenda kushika osiloskopu ya nani? Akikosa meza ya kufanyia kazi atafanya kama shemeji, na mimi sitakuwa na uso wa kumlaumu.

Kwa hiyo wale wenzetu mnaokutana na mawaziri kila wanapokuja London, Washington na Muscat, mkashikana mikono na kupiga picha, safari ijayo msiulize habari ya uraia pacha peke yake. Ulizeni mkataba wa rada una kifungu gani cha vipuri na vifaa vya kupimia, na kinaisha lini. Ulizeni ni mafundi wangapi Watanzania wana leseni ya kufungua mtambo ule bila kumpigia simu Mfaransa. Ulizeni katika miaka mitatu iliyopita ni maboksi mangapi yalisafirishwa nje, na mangapi yalirudi na karatasi iliyoandikwa kwamba hayakuwa na ubaya. Majibu hayo si siri ya jeshi, yako kwenye faili la stoo. Wakisema hawana takwimu, andikeni hivyo hivyo, na jina la waziri, na tarehe.

Nawasilisha.