Gitaa la kijana: tubadilishe pikapu au tununue jingine?

Wiki mbili zilizopita nusura mimi na mama watoto tukosane kwa sababu ya gitaa. Kijana wetu anapiga gitaa la umeme kwenye bendi ya vijana wa mtaani, na alikuwa amejiwekea laki mbili na nusu kutokana na kupiga harusini. Akaja na ombi: tumwongezee anunue gitaa jingine, kwa kuwa la sasa lina sauti ya redio mbovu. Mama yake alikuwa tayari kutoa fedha za kikoba. Mimi nikashikilia abadilishe pikapu tu, yaishe.

Pikapu hii si gari, msomaji wangu. Ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, zinazokaa chini ya nyuzi na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme unaokwenda kwenye amplifaya.

Tukaenda kwa fundi. Kwanza alimwambia kijana abonyeze uzi kwenye freti ya 12 na kuupiga, kisha aupige tena akiugusa hapohapo bila kuubonyeza. Sauti hizo mbili zinatakiwa zilingane, hazikulingana. Akafunga nyuzi mpya, akarekebisha daraja, zikalingana. Akakagua shingo kama imepinda, freti kama zimelika, vifunguo kama vinashika. Vizima vyote. Kama shingo ingekuwa imepinda kiasi cha kutonyooka, alisema, pikapu ya bei yoyote isingesaidia, na hapo ndipo mtu anunue gitaa jingine.

Mwisho akachomeka gitaa lake mwenyewe kwenye amplifaya ya kijana. Redio mbovu ileile! Kumbe mgonjwa alikuwa amplifaya, na sisi wawili tulikuwa tumenuniana bure siku tatu.

Kwenye amplifaya ya fundi gitaa la kijana lililia vizuri, ila lilikuwa na mvumo. Hizo ni pikapu za koili moja, hunasa mvumo wa umeme wa nyumbani. Za koili mbili, alizobuni Seth Lover wa kampuni ya Gibson mwaka 1955, huufuta.

Basi akiba yake inanunua amplifaya iliyotumika, pikapu moja itafuata baadaye. Fedha za kikoba zimebaki. Nimemwambia tu ile ya zamani asiitupe: siku akiuza gitaa, airudishe, abaki na mpya, maana wanunuzi wengi hawakulipi ulichoongeza.