Zitto Kabwe hakuiuza nchi

Hapa Katubuka, mjini Kigoma, jina la mbunge wetu wa zamani Zitto Kabwe likitajwa barazani ubishi huwaka. Wapo wanaosema alikuwa mbunge wa wazungu. Nimewasikiliza, na sikubaliani nao.

Dai zito kuliko yote ni kwamba Januari 2020 aliihujumu nchi, alipoiandikia Benki ya Dunia akiiomba isitishe mkopo wa elimu wa dola milioni 500. Barua aliiandika kweli. Lakini wanaomlaumu huishia kwenye fedha, wakaacha sharti lake: wasichana wote wasome, wakiwemo waliopata mimba, na demokrasia irejeshwe. Juni 2017 Rais Magufuli alikuwa ametamka hadharani kwamba mwanafunzi akishazaa harudi shule ya serikali. Binti wa Ujiji aliyefukuzwa angefaidi nini kwenye mkopo huo? Fedha zenyewe hazikupotea, maana benki iliuidhinisha Machi 31 mwaka huohuo. Na Novemba 2021 Waziri Joyce Ndalichako akatangaza kwamba mabinti hao warudi darasani. Kilichoitwa usaliti kikawa sera ya serikali, na mpaka leo sijasikia aliyemtaka radhi.

Eti alisahau kwao? Mzaliwa wa Mwandiga, katika mkoa wa Kigoma unaopakana na Burundi na kutazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, hakungoja kwenda kusoma Ujerumani ndipo ajue kuwa ya nje ni ya nyumbani pia. Mwaka 2016, chama chake cha ACT-Wazalendo kikiongoza baraza la madiwani, Manispaa ya Kigoma Ujiji iliingia katika mpango wa kimataifa wa serikali za uwazi, bega kwa bega na Paris na Seoul. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa, na manispaa yetu ikatolewa nayo. Anayeuliza matunda yako wapi amuulize aliyeukata mti.

Kuhusu lawama ya kuhama chama, hakuhama kwa hiari: chama chake cha awali, CHADEMA, kilimfukuza Machi 2015.

Linabaki dai kwamba kazi yake ilikuwa kupiga kelele tu. Agosti 2007 alisimamishwa bungeni kwa kuuhoji mkataba wa mgodi wa Buzwagi, uliotiwa saini London. Kabla mwaka haujaisha, Rais Kikwete alimteua kwenye kamati ya Jaji Mark Bomani iliyochunguza sekta ya madini. Sheria mpya ya madini ilipokuja 2010, mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka asilimia 3 hadi 4.