Nguvu ya kichwa cha treni haiko kwenye mota

Leo naweka kando programu na seva, nizungumzie treni ndogo za mfano: zile za umeme ambazo watu, hasa Ujerumani, Uingereza na Marekani, huzijengea reli nyumbani, zikiwa na vilima, mahandaki na stesheni. Mtasema huu ni mchezo wa watoto. Subirini kidogo, humu mna fizikia ya maana na pesa nyingi zinazotupwa bure.

Treni inaposhindwa kupanda kilima, kichwa kikabaki kikizungusha magurudumu palepale, wengi hulaumu mota. Watatafuta mota kubwa zaidi, au wanunue kichwa kingine cha bei kali. Mimi sikubaliani nao. Magurudumu yakizunguka na treni haisogei, mota imekwisha kuonyesha kwamba nguvu inayo. Kilichopungua ni mshiko kati ya gurudumu na reli.

Nguvu ya mamba ni maji, na nguvu ya kichwa cha treni ni reli. Aliyewahi kusukuma pikapu iliyonasa kwenye matope wakati wa masika anajua: dereva hata akanyage mafuta vipi, magurudumu ya nyuma yanachimba tu. Watu wawili watatu wakiruka nyuma kuongeza uzito, gari linatoka. Injini ni ileile.

Tufanye hesabu. Chukua kichwa cha kipimo cha HO, yaani 1:87, chenye gramu 400, na magurudumu yote yanaendeshwa na mota. Tuseme mshiko wa gurudumu la chuma juu ya reli ni asilimia 20 ya uzito. Kichwa hicho kitavuta kwa gramu 80, basi. Ukifunga mota yenye nguvu mara kumi, bado ni gramu 80.

Sasa mzigo. NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani kilichoanzishwa 1935, hupendekeza behewa la HO liwe na wakia 1, ukiongeza nusu wakia kwa kila inchi ya urefu. Behewa la inchi 5.5 linafika wakia 3.75, kama gramu 106. Tukisema ukinzani wa magurudumu yake ni asilimia 2 ya uzito, kwenye tambarare kichwa chetu kitavuta mabehewa 37. Weka mwinuko wa asilimia 2, yaani reli ipande sentimita 2 kwa kila mita moja, na idadi inashuka hadi 16, kwa sababu kichwa nacho kinajipandisha chenyewe. Kwenye asilimia 4 yanabaki 10. Kona kali zitapunguza tena.

Hapa ndipo mtu wa programu anapotabasamu. Ukiongeza gramu 50 ndani ya kichwa, kwenye mwinuko wa asilimia 2 utapata mabehewa 19. Lakini ukisafisha ekseli za mabehewa na kubadilisha magurudumu mabovu mpaka ukinzani ushuke kutoka asilimia 2 hadi 1, utapata 22, bila kukigusa kichwa! Ni sawa na tarakilishi inayochelewa kwa sababu ya diski: hata ununue prosesa mpya, diski ni ileile. Pima kwanza, ndipo ununue.

Kupima si kazi. Inua upande mmoja wa kipande cha reli chenye urefu wa mita moja, ulisukume behewa kidogo. Kimo ambacho linaendelea kubingirika bila kusimama, kwa sentimita, ndicho ukinzani wake kwa asilimia. Kwa kichwa, funga uzi nyuma yake, uupitishe kwenye kapi ukingoni mwa meza, uning'inize kikombe. Ongeza sarafu mpaka magurudumu yateleze, kisha weka kikombe kwenye mizani ya jikoni. Umepata jibu.

Anayedhani haya ni ya treni ndogo tu aende makumbusho ya reli pale Nairobi, aitazame Mount Gelai. Hiyo ni Garratt ya daraja la 59, mojawapo ya 34 zilizoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester kuanzia 1955 kwa ajili ya reli ya Mombasa hadi Nairobi. Ina tani 252, lakini reli isingebeba zaidi ya tani 21 kwa ekseli. Kwa hiyo wahandisi waliipa ekseli nane za kuendesha: tani 168 za kushika reli. Nguvu yake ya kuvuta ilikuwa karibu tani 37. Gawanya: asilimia 22. Hawakuunda silinda za kujionyesha, walizilinganisha na mshiko. Maji na mafuta nayo wakayapakia juu ya magurudumu yanayoendeshwa, ili yasaidie kukandamiza reli.

Kuna watakaosema, basi tujaze risasi ndani mpaka kichwa kisiteleze kamwe, au tuvishe magurudumu mipira. Mipira inashika kweli, ila haipitishi umeme. Märklin hawaumii sana kwa sababu treni zao za HO huchukua umeme pia kwa kiatu kinachogusa katikati ya reli. Kwenye mfumo wa reli mbili, kila gurudumu lililovishwa mpira ni gurudumu lisiloleta umeme, na kichwa huanza kusitasita. Uzito nao ukizidi, magurudumu yatashika hata pale treni ilipokwama. Mota itasimama huku umeme ukipita, na mota iliyosimama ndiyo inayonyonya umeme mwingi kuliko wakati wowote. Hapo utaunguza mota, au dekoda, ambayo bei yake unaijua.

Ndiyo maana nasema kuteleza si ubovu. Ni fyuzi. Kichwa kizuri ni kile kinachoteleza kabla mota haijasimama. Ongeza uzito hadi karibu na mpaka huo, usiuvuke.

Na watengenezaji, tafadhali: picha nzuri kwenye boksi tumeziona. Tuandikieni pia uzito wa kichwa na gramu kinazovuta. Namba mbili tu, na mtu aliyedunduliza kwa miezi sita atajua ananunua nini kabla ya kufungua pochi.