Timu Iliyokufa Ikafufuka

Ndugu msomaji, daftari la hesabu la timu ya kijiji chenu liko kwa nani? Nauliza kwa sababu ya habari ya Accrington Stanley, timu ya mji mdogo huko Uingereza.

Mwezi Machi 1962 timu hii ilikuwa daraja la nne. Madeni yaliishinda. Viongozi wakaandika barua ya kujitoa katika ligi. Siku chache baadaye wakajuta, wakataka kuirudisha barua yao. Wakakataliwa! Barua ikishafika, imefika. Nafasi yao wakapewa Oxford United. Mwaka 1966 klabu ikafa kabisa.

Wenyeji hawakukubali. Mwaka 1968 waliiunda upya. Mwaka 1970 ilianza kucheza tena, katika ligi ndogo ya mkoa. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Watoto walioiona ikifa walikwisha kuwa watu wazima.

Mwaka 2006 ilichukua ubingwa, ikarudi katika ligi ile ile iliyoiacha. Miaka 44 ilikuwa imepita. Timu mbili zilishuka mwaka huo kupisha wageni. Mojawapo, ndugu yangu, ilikuwa Oxford United.